Mwanafunzi wa Mwisho wa Babu

14 Januari

Babu mpenzi,

Shikamoo. Na Bibi naye shikamoo, umwambie nimeiandika nikiwa nimeinama, asije akasema mshahara umenikausha kiuno.

Mimi mzima. Nimepanga chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa kiwanda cha sabuni. Asubuhi nikifungua naona ukuta, jioni nikifunga nauaga ukuta. Mjomba alinitumia salamu kwa dereva wa basi, akasema mmebadilisha paa la jikoni na kwamba Bibi bado anagombana na jogoo. Nilicheka peke yangu. Kucheka peke yako chumbani kuna mwangwi.

Sasa la maana. Darasa langu la jioni linanifia mikononi. Tunasomea kwenye bwalo la chakula la kiwanda, wafanyakazi wakishatoka zamu. Mwanzoni walijaa hadi wengine wakakaa madirishani. Sasa wamebaki kama meno yako, Babu, wachache na kila mmoja amekaa peke yake. Mlinzi wa lango analala macho wazi. Juzi niliwaimbisha a, e, i, o, u kama nilivyofundishwa chuoni. Mpishi wa bwalo akaniita pembeni, akaniambia, "Mwanangu, hiyo nyimbo wajukuu zangu wanaiimba vizuri kuliko sisi." Kesho yake hakuja. Meneja amesema watu wakizidi kupungua atafunga bwalo zamu ikiisha.

Wewe ulifundisha watu wazima maisha yako yote. Nifanyeje?

Jambo moja zaidi. Katika barua yako ya mwisho uliandika kwamba "Bibi anakutakia afya njema na mafanikio katika majukumu yako." Babu, hayo ni maneno yako. Nimelelewa na Bibi, namjua. Naomba umwandikie anavyosema mwenyewe, usimpige pasi. Nina hamu ya kumsikia mpaka naota sauti yake.

Mjukuu wako,
Kiroboto

2 Februari

Kwa mke wangu mdogo uliyenikimbia,

Marahaba. Mke mkubwa hajambo, nami sijambo kwa umri wangu. Paa la jikoni ni kweli, limebadilishwa, ila fundi aliacha tundu moja, na mvua ililiona kabla yetu. Jogoo ameshinda kesi. Analala ndani.

Usishangae mwandiko. Meza imelegea mguu.

Umeniuliza la darasa. Ukubwa ni jalala, mwanangu. Mtu mzima anapokuja kwako jioni amekwisha kubeba lawama za mkuu wake, kodi ya nyumba na homa ya mtoto. Ukimwimbisha juu ya hayo, umemwongezea aibu. Watu watakupigia methali ya samaki mkunje angali mbichi. Waambie hata samaki mkavu ukimloweka hukunjika, ila lazima ujue ametoka maji gani. Kwa hiyo swali la kwanza darasani ni hili: "Mnajua nini tayari?" Uliza, kisha unyamaze. Watakaa kimya mpaka uone haya. Vumilia. Hakuna mtu mzima anayekuja mtupu.

Vunja safu. Weka viti duara, nawe ukae kati yao, meza isikutenge. Usiulize kamwe "Mmeelewa?" Mtu mzima atakujibu ndiyo ili usimdharau. Sema hivi: "Fulani hakuja leo. Nani atapita kwake kumweleza tulichosoma?" Anayekwenda kueleza ndiye atakayesoma kweli, na asiyekuja atajua kwamba kiti chake kinangojwa. Na neno la kwanza kulisoma walichague wenyewe. Mimi nilikuwa na mama mmoja aliyetaka kusoma karatasi ya chupa ya dawa na si kingine. Tulianza na chupa. Alimaliza na gazeti.

Enzi zile bibi yako alikuwa akinifuata kila jioni tufunge darasa pamoja. Alisimama nje dirishani, mikono kwenye kizingiti, akinitolea macho nimalize chakula kisipoe. Wanafunzi wakimwona tu walianza kukusanya kalamu. Kengele yangu ilikuwa yeye.

Nami sasa nimejipatia mwanafunzi mmoja, wa nyumbani. Ni mkaidi. Nitakueleza siku nyingine.

Bibi anasema anakukumbuka na anakuombea.

Babu yako

11 Machi

Babu,

Shikamoo nyote wawili. Hapa ni kikohozi tu cha vumbi la sabuni, na upweke, ambao hauna dawa dukani.

Niliuliza swali lako. Walikaa kimya mpaka nikasikia maji yakidondoka kwenye bomba la jikoni. Nusura niwasaidie kujibu. Mara Mlinzi, yule wa kulala, akasema, "Mimi najua magari." Magari yapi? Akasema kila lori linaloingia analijua kwa namba yake, haisomi, anaiona ilivyokaa. Nikampa chaki. Akachora namba ya lori la chumvi, herufi na tarakimu zote, kama mtu anayechora uso wa ndugu yake. Fundi wa mitambo akadakia, "Kumbe wewe msomi, sisi tunakuita Mlinzi!" Walicheka, na yeye akacheka. Mpishi naye alikuwa amerudi, akasema anajua gunia la sukari na la chumvi, "la sivyo mngekunywa chai ya chumvi kila siku." Tukaandika CHUMVI. Tukaandika SUKARI. Siku ile hakuna aliyetazama saa.

Viti ni duara. Meneja alipita akauliza kama kuna msiba.

Ila Babu, nimekukasirikia. "Anakukumbuka na anakuombea." Nilikuomba maneno yake! Bibi angesema, "Huyo kiroboto amekonda? Anakula nini huko, sabuni?" Nilipokuwa mtoto aliniambia mambo yote akinisuka, kichwa changu magotini pake. Sasa maneno yake yananifikia yamevaa koti na tai. Kama hataki kuniandikia niambie.

Na huyo mwanafunzi ni nani? Kwa nini mistari yako inapanda mlima?

Kiroboto

20 Aprili

Mke wangu mdogo,

Barua yako ilikuja siku nyingi, nimechelewa kuijibu. Tulikuwa na mvua. Mjomba wako amepata mtoto wa tatu, wa kike, analia kama honi ya lori. Mguu wa meza haujapona.

Nimefurahi kwa ajili ya Mlinzi. Sasa jihadhari na jambo moja. Usimsifu kupita kiasi. Ukimpigia mtu mzima makofi kwa kuandika CHUMVI, atajiuliza ulimdhania nini. Mpe kazi ya kweli. Akiweza herufi, aandike orodha ya malori, na orodha hiyo itumike langoni. Akikosea usimsahihishe mbele ya watu. Msomee alichoandika kama kilivyo, sikio lake litamshtua. Na ufunge somo wangali na njaa. Mwalimu anayengoja mpaka washibe hawaoni kesho.

Kwa mwanafunzi wangu mambo hayaendi. Jana nilimwandikia a kubwa ubaoni.

"Hii ndiyo a?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mbona nono? Umejichora wewe ulivyokuwa zamani."

"Isome."

"Na kesho ni hii hii, au kesho kuna nyingine?"

Nimefundisha makuli, wachinjaji na mwanajeshi mmoja aliyekuja na jeraha la risasi. Hakuna aliyenitoa jasho hivi. Wakati mwingine naona ananitazama mimi badala ya ubao, na sijui anatafuta nini usoni pangu.

Usikatize kazi kuja huku. Sisi tupo.

Bibi anasema, na haya ni yake kabisa: "Mwambie ale."

Babu yako

8 Mei

Babu,

Shikamoo. Hongera kwa mtoto wa mjomba.

"Mwambie ale." Nililisoma neno hilo nikiwa nimesimama mlangoni, nikarudi nikakaa kitandani. Maneno mawili tu, nami nikanusa mafuta ya nywele.

Niliomba ruhusa nije, meneja akasema labda mwisho wa Agosti. Umeniambia nisije. Hujawahi kuniambia nisije. Babu, mwanafunzi wako ni nani, na wewe una nini? Nimeuliza mawili. Usinijibu kwa mguu wa meza.

Kiroboto

12 Juni

Mjukuu wangu,

Leo sina utani, nisamehe. Salamu ni zile zile, na wote hapa wazima isipokuwa mimi.

Meza haina ubaya wowote. Mkono ndio umelegea, na macho yananiaga moja baada ya jingine. Daktari alitazama picha ya kifua changu, na baada ya hapo hakunitazama usoni tena. Nikamwambia, "Kijana, sema, mimi ni mwalimu, nimezoea matokeo." Akasema. Mwaka mwingine sitauona.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kufa sikukuogopa sana, mtu wa umri wangu amekwisha kuizoea njia. Niliogopa barua zako. Niliwaza siku moja, mimi nisipokuwepo, dereva wa basi ataleta bahasha, bibi yako ataipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea siku zote, kisha atakaa nayo. Atakwenda kwa nani? Mjomba wako anasoma kama anayefukuzwa. Jirani atasoma, na kesho mtaa mzima utajua umekonda. Usiku ule ule nilimwambia, "Mama, kuanzia kesho unasoma." Akaniuliza, "Kumetokea nini?" Nikasema, "Hakuna." Mwanafunzi wangu ni yeye.

Sasa nikuambie ambalo sijapata kumwambia mtu.

Tulipooana alikuwa hajui kusoma. Mwaka wa kwanza aliniuliza, huku anakunja nguo, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu: "Na mimi nije darasani?" Nikamjibu, "Wewe una mimi." Akacheka, nami nikacheka. Hakurudia tena. Nilijiona nimesema neno la mapenzi.

Na kwa kweli lilikuwa la mapenzi, hapo ndipo tatizo lilipo. Jioni baada ya chakula alivuta kigoda, akainua miguu, akasema, "Haya, nisomee." Nilimsomea magazeti ya juzi, barua za ndugu, maelezo ya dawa, hata karatasi iliyofungiwa viatu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, sikio lake likinielekea. Mchana kutwa nilikuwa wa watu wengine, ila saa ile nilikuwa wake, na alinihitaji. Nilifundisha nusu ya mji huu, na nyumbani nikaweka kufuli, kwa kuogopa kwamba siku akijua kusoma, kigoda kile kitabaki pembeni. Mganga hajigangi. Nimeijua methali hii tangu utotoni na sikujua kwamba inanisema.

Hata maneno yake niliyakunja upya kabla sijakutumia. Uliposema nampiga pasi, ulisema kweli. Nilipenda yapite kwangu.

Sasa namfundisha kwa haraka, naye haharakishwi. Nilianza na a, kisha e. Amefika mahali anasoma majina ya watu wa nyumbani. Lakini kila akiweza jambo hulitenda taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto, na mimi ndiye mtoto. Sielewi. Nina hamu ya kumsikia akisoma barua yako nzima nzima kabla sijaondoka. Nikisikia hiyo, sina ninachodai.

Yeye hajui ya daktari. Au anajua. Katika nyumba hii watu wawili wanafichana jambo moja.

Agosti ni mbali, lakini sikuambii tena usije.

Babu yako

3 Julai

Babu yangu, na Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo.

Nimeisoma barua yako bwaloni, wanafunzi wakiwa wanaingia. Mpishi aliniona, akawaambia wenzake, "Leo mwalimu ndiye mgonjwa, sisi tutajifundisha." Wakafanya hivyo. Mlinzi alisimama akawasomea orodha yake ya malori. Sasa hakuna anayekosa bila mwenzake kumfuata, na meneja hasemi tena habari ya kufunga. Nilikaa kwenye duara kama mmoja wao, nikiwa na barua yako mapajani. Darasa lako hilo, Babu. Umelifundisha ukiwa mgonjwa.

Ruhusa nimepata, mwisho wa Agosti kama walivyosema, si mapema zaidi. Nimewasihi. Ningojeni.

Sikulaumu. Nami nilikuwa na wivu wa maneno ya Bibi, kila mmoja wetu anamvutia kwake. Lakini kuna kitu kimenikwama. Uliniandikia kwamba hakuna mtu mzima anayekuja mtupu. Ukaniambia swali la kwanza, nami nilipoliuliza nikalipata darasa langu. Halafu unasema kwa Bibi ulianza na a. Kuuliza si ujinga, basi nauliza: Bibi ulimuuliza anajua nini tayari?

Bibi, kama ni wewe unayesoma hapa, sikukuandikia maneno mepesi kwa makusudi. Mimi mzima. Nakula. Nimekukumbuka mpaka kichwa kinatafuta magoti.

Kiroboto wenu

9 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba. Ni mimi.

Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, siku hii mistari miwili, siku ile mitatu. Naacha nikiwa bado na hamu, kama alivyosema babu yako. Uvumilie.

Barua yako ilifika akiwa hai. Macho yalikwisha kwenda yote mawili. Nilivuta kigoda karibu na kitanda. Akanyoosha mkono aipokee, kwa mazoea. Nikamwambia, "Leo lala wewe, ninasoma mimi." Akainamisha kichwa upande mmoja. Sikujua kama ndivyo nilivyokuwa nikionekana.

Nilisoma. Ya Mpishi akacheka. Ya Mlinzi akacheka sana. Nilipofika kwenye swali lako nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

"Hapa mjukuu wako anakuuliza kama uliniuliza ninajua nini tayari."

Akapapasa mpaka akalipata goti langu. Mwisho akasema, "Haya, mama. Unajua nini tayari?"

Nikamwambia kweli. Yale maneno ya ubaoni nayajua tangu ujana. Miaka yote ile nilisimama dirishani. Alidhani namtazama yeye. Nilimtazama yeye, na nilitazama na ubao, nina macho mawili. Alimwandikia yule mama wa chupa ya dawa, nami nikasoma nyuma yake kimya kimya. Maneno ya gazeti naweza, mabango naweza. Barua zako ndizo sikuweza. Herufi zako zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, sijui huyu anaishia wapi. Hayo kanifundisha yeye, mwaka huu, na kazi ilikuwa kweli. Asidhani nilimchezea.

Akauliza, "Na magazeti yote yale niliyokusomea?"

Nikamwambia, "Sauti yako ilikuwa nzuri. Ningesoma mwenyewe ningeipata wapi?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikampa maji. Akasema, "Wewe mwanamke, umeniangusha mtihani." Akanishika mkono, akanikabidhi na ya daktari. Nikamwambia nayo niliisoma, kwenye karatasi ya hospitali aliyoificha chini ya godoro. Nani anatandika kitanda nyumba hii?

Baada ya siku ile kila jioni nilimsomea barua zako zote tangu ya kwanza. Alifariki tukiwa kwenye ile ya Mlinzi anachora namba. Nilimaliza ukurasa, maana sikuwa nimejua. Mjomba wako alitaka atume dereva akuambie. Nikakataa. Nimesema atasikia kwangu, kwa mkono wangu, maana ndilo nililosomeshewa.

Tulimzika mwishoni mwa Julai. Usilie njiani, utapitwa na kituo. Njoo huo huo mwisho wa Agosti, jogoo nitamtoa ndani.

Umekonda? Nijibu kabla hujaja, hata mstari mmoja. Nitausoma mwenyewe. Ila nitausoma kwa sauti, nyumba imezoea.

Bibi yako